Jinsi ya kuandika tyuni ya uwiano kwa maandishi matupu: kutoka sol-fa hadi faili linalolia

Walimu wa kwaya na wapiga vinanda wanaojaribu kuingiza tyuni ya uwiano kwenye kompyuta hukwama karibu mahali pale pale. Faili linakataa kufunguka. Au linafunguka, kodi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya doh inatulia vizuri kabisa, halafu kodi ya r-f-l inayumba na lawama zinaangukia programu. Mara nyingi programu haina kosa lolote. Kosa limo ndani ya mistari kumi na kitu ya maandishi.

Tyuni ya uwiano ni ile ambayo kila nota hupatikana kwa kuzidisha masafa ya doh kwa sehemu ya namba nzima: 3/2, 5/4, 7/4. Kinanda cha kawaida hakifanyi hivyo. Kinaigawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, senti 100 kila kimoja, na ndiyo maana m yake iko juu kwa senti 13.7 kuliko m ambayo kodi inaitaka ili itulie.

Shika jambo moja tangu sasa: uwiano ndio nakala mama. Jina la nota, senti na masafa vyote vinatokana na uwiano. Anayeanza na senti zilizokadiriwa halafu akatafuta uwiano baadaye atazunguka sana.

## Unachohitaji

- Kihariri cha maandishi matupu: Notepad, Notepad++, gedit, nano, chochote cha aina hiyo. Usitumie Word. Word huhifadhi mapambo yake ndani ya faili, na hugeuza 1/2 kuwa alama moja ya ½ ambayo programu ya tyuni haiitambui.
- Programu ya sauti inayosoma mafaili ya .scl (skeli) na .kbm (ramani ya vibonyezo). Surge XT ni ya bure na inayasoma yote mawili.
- Csound, programu inayogeuza maandishi kuwa sauti, nayo ya bure, kwa hatua ya mwisho.
- Kikokotoo chenye kitufe cha log.
- Tyuna ya simu inayoonyesha senti, iliyowekwa A = 440.
- Hedifoni. Spika ya simu inakata sauti za chini na utashindwa kusikia kuyumba.

Kinanda cha kanisani hakihitajiki. Kama kipo, kiunganishe kwa MIDI ili kiwe vibonyezo tu, na sauti itoke kwenye kompyuta. Chenyewe hakitasoma faili la .scl.

## Hatua ya 1: Andika skeli kwa uwiano

Chagua doh, iite 1/1, kisha andika nota nyingine zote kwa kuilinganisha na hiyo. Namba kubwa iwe juu, ndogo chini, na sehemu iwe imerahisishwa hadi mwisho. Ikizidi 2, gawa kwa 2 hadi irudi ndani ya oktava. Ikiwa chini ya 1, zidisha kwa 2.

Skeli ya kawaida ya doh inakuwa hivi:

```
d    1/1      0.000
r    9/8    203.910
m    5/4    386.314
f    4/3    498.045
s    3/2    701.955
l    5/3    884.359
t    15/8  1088.269
d'   2/1   1200.000
```

Safu ya tatu ni senti. Zinapatikana kwa kuzidisha log ya uwiano (log ya 10) kwa 3986.314. Mfano: log ya 1.25 ni 0.09691, zidisha, unapata 386.31.

Dalili kwamba umefaulu: namba zinapanda bila kurudi nyuma, na hakuna sehemu inayoweza kurahisishwa zaidi. Ukikuta 10/8 kwenye orodha, rudi.

## Hatua ya 2: Zipe nota majina yanayosema ukweli

Uwiano unatosha kwa mashine. Binadamu anayesoma mstari wa 45/32 katikati ya wimbo atapotea. Hapa tunatumia FJS (Functional Just System), mfumo wa kuzipa majina nota za uwiano, kwa sababu unaandikika kwa vibonyezo vya kawaida vya kompyuta.

Doh yetu tunaiita C. Herufi tupu (C, D, E na wenzake) zinatoka kwenye mnyororo wa tano kamili, 3/2 juu ya 3/2:

```
Gb Db Ab Eb Bb F C G D A E B F# C#
```

E tupu kwenye mnyororo huu ni 81/64, yaani senti 407.820. Hiyo si m yetu ya 5/4. Iko juu kwa 81/80, senti 21.506. Tofauti hii huitwa koma. Basi m yetu tunaiandika E^5, maana yake "E iliyorekebishwa kwa namba tasa 5".

Marekebisho unayoyahitaji kwa kazi nyingi ni haya:

- ^5 inashusha kwa 81/80 (senti 21.506), _5 inapandisha kiasi hicho hicho.
- ^7 inashusha kwa 64/63 (senti 27.264), _7 inapandisha.
- ^11 inapandisha kwa 33/32 (senti 53.273), _11 inashusha.

Onyo. Alama ^ haimaanishi "panda". Inamaanisha namba hiyo tasa iko juu ya sehemu, kwenye kiasi. Alama _ inamaanisha iko chini, kwenye asili. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanaona E^5, wanaipandisha, na kodi ya doh inachafuka.

Kupata jina kutoka kwenye uwiano, fuata njia hii. Kama 5 iko kwenye kiasi, zidisha kwa 81/80. Kama iko kwenye asili, zidisha kwa 80/81. Kama 7 iko kwenye kiasi, zidisha kwa 64/63. Kwenye asili, 63/64. Kitakachobaki kina 2 na 3 tu. Hesabu 3 ziko ngapi: zikiwa juu, tembea kulia kutoka C kwenye mnyororo, zikiwa chini, tembea kushoto.

Tuchukue 7/6. Zidisha kwa 64/63, unapata 32/27. Asili ni 27, yaani 3 tatu, ziko chini. Kushoto mara tatu kutoka C: F, Bb, Eb. Jina ni Eb^7. Na 15/8? Zidisha kwa 81/80, unapata 243/128. Hizo ni 3 tano, ziko juu: G, D, A, E, B. Jina ni B^5.

Kwa hiyo skeli ya hatua ya 1 inasomeka C, D, E^5, F, G, A^5, B^5. Iandike kando ya uwiano wake, usiuache uwiano.

Unapotuma maandishi haya kwa WhatsApp, yafunge kwa alama tatu za ` mwanzo na mwisho. Bila hivyo, alama za _ zinaweza kusomwa kama amri ya kulaza herufi, na Eb_5 ya mwenzako ikafika bila alama yake.

## Hatua ya 3: Kagua kodi kabla ya kuandika faili

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayozalisha malalamiko mengi kuliko zote.

Chukua r na l za skeli yetu. Gawa 5/3 kwa 9/8: unapata 40/27, senti 680.449. Tano kamili ni 701.955. Pengo ni koma ile ile, 21.506. Majina yalikwisha kukuonya: D haina alama, A^5 ina ^5. Kanuni ya haraka: nota mbili zinazofanya tano kamili lazima zibebe alama zinazofanana. D na A zinakubaliana. D^5 na A^5 zinakubaliana. D na A^5 hazikubaliani, na hakuna programu itakayozipatanisha.

Dawa si kuhamisha l, kwa sababu f-l-d inaihitaji hapo ilipo. Dawa ni kukubali kwamba r ziko mbili:

- r ya 9/8, jina D, inayokaa ndani ya s-t-r;
- r ya 10/9, jina D^5, inayokaa ndani ya r-f-l.

Kwenye karatasi ya sol-fa, hii ya chini iandike r^5. Usiiandike kwa mkato (r,), kwa sababu mkato kwenye sol-fa tayari ni alama ya oktava ya chini, na sauti ya nne wataidondosha nota oktava nzima.

Jihadhari hapa: kwenye sol-fa, herufi m, l na t zenyewe tayari ni 5/4, 5/3 na 15/8. Huziongezei alama. Unaweka alama pale tu nota inapotoka kwenye nafasi yake ya kawaida. Ikitokea ukahitaji l ya 27/16 (A tupu), utaandika l_5. Weka maelezo hayo kwenye mstari wa kwanza wa karatasi ili msomaji asichanganye na herufi za C, D, E.

Namna nzuri ya kupima kodi ni kuzileta sehemu zake kwenye asili moja na kuangalia viasi vinavyobaki. Kodi ya r-f-l yenye 10/9, 4/3 na 5/3, kwa asili ya 9, ni 10:12:15. Namba ndogo, kodi imetulia. Badilisha r iwe 9/8: asili ya pamoja inakuwa 24, na viasi vinageuka 27:32:40. Ukiona namba zimeruka namna hiyo, usisubiri sikio likuambie.

Kuna mtego wa pili unaofanana na huu. Ukienda I, vi, ii, V, I (kodi zinazojengwa juu ya d, l, r, s, d) na kila kodi ikishikilia nota ya pamoja bila kuisogeza, unarudi kwenye doh iliyoshuka hadi 80/81. Mizunguko minne ni senti 86, karibu nusu toni. Kwa hiyo kwenye faili tunazifunga nota: r zote mbili ziwe na mahali pake, na mahali pa kubadilisha paandikwe. Kuteleza ni chaguo la mtunzi, lakini lisiwe ajali.

## Hatua ya 4: Andika faili la .scl

Hili ni faili la maandishi matupu lenye mpangilio wa programu ya Scala. Kinanda kina vibonyezo 12 kwa oktava, nasi tunataka r mbili. Basi kibonyezo cha C# tunakipa r^5. Kwenye nyimbo za kii moja hutakikosa sana. Kibonyezo cha Bb tunakipa 7/4, ili d-m-s-ta ilie 4:5:6:7.

```
! kwaya12.scl
!
Kwaya 12, doh ni 1/1, r mbili, ta ya 7/4
 12
!
! D^5  D  Eb_5  E^5  F  F#^5
 10/9
 9/8
 6/5
 5/4
 4/3
 45/32
! G  Ab_5  A^5  Bb^7  B^5  C
 3/2
 8/5
 5/3
 7/4
 15/8
 2/1
```

Mstari unaoanza na ! ni maelezo ya binadamu, programu inauruka. Majina yaweke humo. Sheria za mpangilio zinaruhusu maneno baada ya uwiano kwenye mstari ule ule, lakini si kila programu inaziheshimu, na huna sababu ya kujaribu bahati.

Mambo yanayoharibu faili, na kwa nini:

Mstari wa maelezo umesahauliwa. Mstari wa kwanza usio na ! ni jina la skeli, hata ukiwa mtupu lazima uwepo. Ukiusahau, 12 inakuwa jina na 10/9 inasomwa kama idadi ya nota.

1/1 imeandikwa. Nota ya kwanza haiandikwi, inaeleweka ipo. Ukiiandika na kuacha idadi 12, mstari wa 2/1 unaachwa nje, skeli inaanza kujirudia kwenye 15/8, na vibonyezo vya C na C# vinatoa sauti moja. Ukisikia C na C# zinalingana, tafuta 1/1 kwanza.

2/1 imekosekana. Mstari wa mwisho ndio mahali skeli inapojirudia. Bila 2/1 hakuna oktava.

Nukta. Hii ndiyo sheria iliyo kali kuliko zote: mstari wenye nukta ni senti, usio na nukta ni uwiano. Andika 701.955 na programu inaelewa senti. Andika 702 na inaelewa 702/1, zaidi ya oktava tisa juu. Utasikia mlio wa mbu au ukimya. Ukitaka senti 702, andika 702.0.

Mkato badala ya nukta. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Kongo na Burundi, huandika desimali 701,955. Ukinakili kutoka kwenye lahajedwali yake, badilisha kila mkato uwe nukta.

Nafasi ndani ya sehemu. Andika 5/4, si 5 / 4. Msomaji mwingine wa faili huishia kwenye 5.

Herufi zisizoonekana. Notepad ina chaguo la "UTF-8 with BOM". Likitumika, alama iliyofichika inakaa mbele ya ! ya kwanza. Mstari huo hauhesabiwi tena kuwa maelezo, unageuka jina la skeli, na jina lako halisi linasomwa kama idadi. Faili linakataliwa huku kwa macho liko safi kabisa. Hifadhi kwa UTF-8 ya kawaida au ANSI.

Jina la faili. Windows huficha viambishi, kwa hiyo unaweza kuwa na kwaya12.scl.txt bila kujua. Wakati wa kuhifadhi, chagua aina "All files".

## Hatua ya 5: Andika faili la .kbm

Faili la .scl linasema miachano tu. Halijui doh iko kwenye kibonyezo gani wala ina masafa gani. Hiyo ni kazi ya .kbm.

```
! doh-C.kbm
! ukubwa wa ramani
12
! kibonyezo cha kwanza na cha mwisho
0
127
! kibonyezo chenye 1/1
60
! kibonyezo cha rejea, kisha masafa yake
60
261.6256
! nota ya oktava kwenye .scl
12
! ramani
0
1
2
3
4
5
6
7
8
9
10
11
```

Mpangilio wa mistari haubadiliki. Ukigeuza miwili, kila kitu kinahama. Ramani ina mistari 12 kwa sababu ukubwa ni 12. Kibonyezo usichotaka kilie, weka x mahali pa namba yake.

Sasa swali la rejea. Vibonyezo hutajwa kwa namba za MIDI: 60 ni C ya katikati, 69 ni A iliyo juu yake. Watu wengi huandika 69 na 440.0, kwa mazoea ya A = 440. Fikiri kwanza. Kwenye skeli hii A ni 5/3 ya C, kwa hiyo A ikiwa 440, C inakuwa 264, juu kwa senti 15.6 kuliko C ya kinanda cha kawaida. Ikiwa gitaa la besi linapiga pamoja nawe, mtagombana kwenye doh yenyewe. Funga doh, yaani 60 na 261.6256, isipokuwa una sababu ya kufunga A.

## Hatua ya 6: Pakia na upime

Fungua Surge XT, chagua sauti ya mwanzo isiyo na mapambo, na uzime chorus, reverb na vibrato. Vyote hivyo vinatikisa sauti, nawe unatafuta mtikisiko. Pakia .scl kisha .kbm kupitia menyu ya tyuni, au yaburute mafaili hadi juu ya dirisha la programu.

Shika kibonyezo kimoja kimoja mbele ya tyuna. Inatakiwa ionyeshe:

```
C    0.0
C#   itasoma D -17.6
D    +3.9
Eb  +15.6
E   -13.7
F    -2.0
F#   -9.8
G    +2.0
Ab  +13.7
A   -15.6
Bb  -31.2
B   -11.7
```

Usishtuke tyuna kuita C# "D". Ni D kweli, ni r^5. Tyuna nyingi za simu hucheza kwa senti moja au mbili, hiyo si hitilafu.

Halafu sikiliza kodi, kwa mpangilio huu:

1. C na G za katikati. Hz 261.63 na 392.44. Zitulie kabisa.
2. C na E. Zitulie. Kwenye tyuni ya kawaida mwachano huu huyumba kama mara 10 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti utaisikia hata kwenye hedifoni za bei nafuu.
3. D na A. Ziyumbe, kama mara 11 kwa sekunde. Kipimo hiki kinafaa kuliko vyote: kama D na A zimetulia, tyuni yako haijapakiwa, bado unasikia tyuni ya kawaida.
4. C# na A. Zitulie. Hiyo ni D^5 na A^5.
5. C, E, G, Bb. Zigandane ziwe kama sauti moja nene. Bb ikisikika "imezubaa" ukiipiga peke yake, iache hivyo. 7/4 inajieleza ndani ya kodi.

Kodi zote zikiwa sawa lakini muziki mzima uko juu au chini, kosa liko kwenye mstari wa masafa wa .kbm. Kodi za doh zikiwa mbaya na za kii nyingine nzuri, kosa ni mstari wa 1/1.

## Hatua ya 7: Andika wimbo wenyewe

Kinanda kinakubana vibonyezo 12. Maandishi hayakubani. Kwa kila sauti andika mistari miwili: wa juu sol-fa kwa waimbaji, wa chini uwiano kwa mashine.

```
doh=C 261.6256   m=5/4 l=5/3 t=15/8
        I     IV    ii    V     I
1       s     l     l     s     s
        3/2   5/3   5/3   3/2   3/2
2       m     f     f     r     m
        5/4   4/3   4/3   9/8   5/4
3       d     d     r^5   t,    d
        1/1   1/1   10/9  15/16 1/1
4       d,    f,    r^5,  s,    d,
        1/2   2/3   5/9   3/4   1/2
```

Kwenye mstari wa uwiano oktava lazima ionekane: t ya chini ni 15/16, si 15/8. Mashine haijui sauti ya tatu huimba wapi.

Pima kila safu kwa njia ya hatua ya 3. IV inatoa 2:3:4:5. ii inatoa 5:10:12:15. V inatoa 4:5:6:8. Zote ndogo, zote salama. Angalia pia ii inavyoingia V: r^5 iko sauti ya tatu na ya nne, r ya juu iko sauti ya pili. Hakuna mwimbaji anayetakiwa kuhama koma moja kwenye nota ile ile. Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuzigawa. Ukimpa mwimbaji mmoja r^5 kisha r mfululizo, atashikilia ile ya kwanza na V itayumba.

Kusikia, andika hivi kwenye faili la .csd na ulifungue kwa Csound:

```
<CsoundSynthesizer>
<CsOptions>
-odac
</CsOptions>
<CsInstruments>
sr = 44100
ksmps = 32
nchnls = 1
0dbfs = 1
instr 1
  iDoh = 261.6256
  iHz = iDoh * p4 / p5
  aSaw vco2 0.15, iHz
  aOut linen aSaw, 0.05, p3, 0.2
  out aOut
endin
</CsInstruments>
<CsScore>
i1 0 2  5 3
i1 0 2  4 3
i1 0 2 10 9
i1 0 2  5 9
i1 2 2  3 2
i1 2 2  9 8
i1 2 2 15 16
i1 2 2  3 4
</CsScore>
</CsoundSynthesizer>
```

Kila mstari wa i1 una wakati wa kuanza, urefu kwa sekunde, kiasi, na asili. Nne za kwanza ni ii, nne za mwisho ni V. Kiasi na asili vimetenganishwa kwa makusudi: ukiandika 5/3 pamoja bila mabano ya mraba, Csound haitaisoma kama sehemu. Nguvu ya 0.15 kwa sauti nne inafika 0.6, ukiongeza sauti, punguza namba hiyo, vinginevyo mlio utapasuka nawe utadhani ni tyuni.

Sasa badilisha 10 9 iwe 9 8, na 5 9 iwe 9 16, kisha cheza tena. Kodi ya kwanza itaanza kutetemeka mara moja. Mruhusu mwalimu mwenzako asikilize zote mbili kabla hujamweleza chochote kuhusu koma.

## Kubadili kii

Usiguse .scl. Tengeneza nakala ya .kbm na ubadilishe mistari mitatu tu. Kwa doh ya G: kibonyezo cha 1/1 kiwe 67, cha rejea 67, masafa 391.9954. Kwa doh ya F: 65, 65, 349.2282. Ukibadilisha rejea na kusahau kibonyezo cha 1/1, kinanda kitabaki kimetyuniwa kwa C huku G yake ikisogezwa kidogo, na s-t-r ya kii mpya itakuwa na ile tano iliyopungua ya 40/27 ndani yake.

Kumbuka kwamba vibonyezo vya ziada vinahama pamoja na doh. Kwenye G, r^5 iko kwenye G#, na ta ya 7/4 iko kwenye F. Mpe kila .kbm jina la kii yake, doh-G.kbm, doh-F.kbm, na unapomtumia mtu, tuma .scl na .kbm pamoja kwenye zip. Faili la .scl likifika peke yake, Surge XT itaweka 1/1 kwenye C ya katikati, na mwenzako ataimba kii nyingine kabisa.